Homoni kwa mwani: zianzie kwenye mbegu

Mkulima wa nyanya wa Ilula hahitaji kuelezwa busta ni nini. Anaipima kwa kifuniko, anaichanganya kwenye bomba la lita 20, anapuliza asubuhi kabla jua halijawa kali, na wiki inayofuata anakagua maua. Chupa nyingi za aina hiyo zina homoni za mimea, au majimaji yaliyokamuliwa kutoka mwani wa bahari za baridi, au vyote viwili. Huku pwani swali linakuja lenyewe. Ikiwa mwani wa wenzetu unanyanyua nyanya zetu, kwa nini homoni hizo hizo zisinyanyue mwani wa Paje, Jambiani, Mlingotini na Kibuyuni ya Kwale? Na ikiwa zinachelewesha mboga kunyauka, kwa nini zisitunze mwani mbichi wa kuliwa, ambao ukikaa siku chache nje ya maji unaanza kulainika na kunuka?

Zinaweza, lakini si pale ambapo wengi wangekimbilia kuzipeleka. Mahali pake ni kwenye chupa ya maabara na kwenye ndoo ya mbegu, yaani matawi ya mwani ya kupandia. Mwani uliokwisha kuvunwa una njia zake za kuutunza, za zamani na za bei ya chini, na kusema kweli nyingi ya hizo bado hatujazifanya ipasavyo.

Tuanze na homoni zenyewe, maana zinasemwa sana kama uchawi. Mmea hutengeneza kemikali kidogo sana zinazoamuru seli zirefuke, zigawanyike, zizeeke au zilale. Oksini, homoni inayorefusha seli, ilithibitishwa na Mholanzi Fritz Went katika miaka ya 1920, akitumia miche ya oti. Kinetini, ya kwanza kutambuliwa katika kundi la saitokinini, homoni zinazochochea seli kugawanyika, ilipatikana mwaka 1955 kwenye maabara ya Folke Skoog na Carlos Miller huko Wisconsin, Marekani, na chanzo chake kilikuwa DNA ya mbegu za kiume za samaki aina ya heringi. Zeatini, saitokinini nyingine, ilitolewa kwenye punje changa za mahindi mwaka 1963. Kabla ya hapo, mwaka 1941, watafiti walikuwa wameshagundua kwamba maji ya nazi yanasaidia kiinitete cha mmea kukua ndani ya chupa, na baadaye ikaeleweka kwamba sababu mojawapo ni saitokinini zilizomo. Madafu tunayokunywa Forodhani, kwa hiyo, yamo kwenye historia ya sayansi hii tangu mapema.

Kilicholeta mapinduzi hasa ni uwiano. Mwaka 1957 Skoog na Miller walionyesha kwamba kipande cha tumbaku kikipewa oksini nyingi kuliko saitokinini huota mizizi, na uwiano ukigeuzwa huchipua machipukizi. Migomba ya tishu inayopandwa leo Kagera na Kisii imetokana na hesabu hiyo. Dozi nayo ni hivyo hivyo. Dawa ya magugu ya 2,4-D inayopulizwa kwenye mashamba ya miwa na mahindi ni oksini ya kiwandani. Katika maabara, kiasi kidogo mno huamsha seli, na shambani kiasi kikubwa huua gugu la majani mapana kwa kulifanya likue ovyo hadi lijimalize. Anayedhani homoni ikizidi ndiyo mavuno yatazidi, akaitazame 2,4-D inavyofanya kazi.

Sasa, mwani si mgomba. Hauna mizizi, hauna maua, na mwani mwekundu, ambao ndio spinosamu na kotonii tunaolima, uliachana na ukoo wa mimea ya nchi kavu zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita. Ndani yake zimepatikana oksini, saitokinini na asidi ya absisiki. Lakini vipokezi vinavyozisikia homoni hizo katika mimea ya nchi kavu havijaonekana kwa sura ile ile kwenye mwani mwekundu. Yaani sauti ipo, ila sikio tunalolijua halipo. Kuna jambo jingine la ajabu zaidi. Mwaka 2005 watafiti wa Kijapani waliripoti kwamba mwani wa kijani aina ya Monostroma hauwezi kuunda jani lake la kawaida bila kemikali inayoitwa thalusini, na anayeitengeneza kemikali hiyo ni bakteria wa baharini. Mwani ukitengwa na bakteria wake unabaki seli zilizolegea tu. Kwa hiyo sehemu ya homoni za mwani inatoka kwa majirani zake. Anayetaka kuleta homoni za mahindi baharini inabidi alijue hilo kwanza.

Pamoja na hayo, ushahidi wa manufaa upo, na mwingi umetoka Ufilipino, ambako mbegu zetu za biashara zilitoka. Timu ya Anicia Hurtado, ikishirikiana na Alan Critchley, ilitumia unga uliotengenezwa kwa Ascophyllum nodosum, mwani wa kahawia wa Atlantiki ya Kaskazini. Kwenye maabara waliuchanganya unga huo na homoni, wakaotesha vichipukizi vya Kappaphycus, jina la kisayansi la kundi la kotonii, kutoka kwenye vipande vidogo sana. Kwa upande wa mashamba, mbegu zilichovywa kwenye maji yenye unga huo kwa muda mfupi kabla ya kufungwa kwenye kamba. Zilizochovywa zilikua vizuri zaidi, na mwani mwembamba unaojishika juu ya mwani wa mkulima, ule unaoufanya uonekane kama umeota nywele, ulipungua.

Hapo inafaa kuwa mwangalifu na maneno ya wauza chupa. Mwaka 2013 watafiti wa Canada walipima homoni zilizomo ndani ya dondoo za Ascophyllum, wakakuta ni kidogo mno kueleza matokeo yanayoonekana kwenye mimea. Walichokiona ni kwamba dondoo inausukuma mmea ubadilishe utengenezaji wa homoni zake wenyewe. Kwa hiyo chupa iliyoandikwa kwamba ina oksini na saitokinini huenda inafanya kazi kwa sababu nyingine kabisa. Mkulima hajali sababu iwapo mazao yanaonekana, lakini anayeandika sera lazima ajali, maana vinginevyo tutanunua homoni za bei kubwa pale ambapo unga wa mwani ungetosha.

Kwa nini basi tusimwage shambani? Fanya hesabu. Shamba la mwani la mita za mraba 1,000, maji yakiwa yamesimama mita moja juu yake, lina lita milioni moja za maji. Dozi ya kawaida ya maabara ni kama miligramu moja kwa lita. Hiyo ni kilo nzima ya homoni, na zeatini ni bidhaa inayouzwa kwa miligramu na gramu. Maji yakianza kutoka, kilo hiyo inaondoka nayo kuelekea mwambani, na baada ya saa kama sita maji mapya yanaingia. Baharini hakuna bomba la mgongoni litakalofanya kazi. Njia pekee yenye maana ni ile ya ndoo: mbegu zinachovywa ukiwa ufukweni, zinapewa muda wa kunywa, halafu ndiyo zinafungwa.

Na kazi hiyo inaingia vizuri kwenye utaratibu uliopo. Aliyewahi kukaa na akina mama wa Jambiani wakati wa bamvua anajua wanavyofanya. Maji yakishatoka mbali, wengine wanakwenda kukagua vigingi, wengine wanabaki kivulini na rundo la mwani mbichi mbele yao. Tawi linachaguliwa lililo changa, lenye ncha nyingi, lisilo na doa jeupe wala uchafu. Linakatwa kwa mkono, linafungwa na tai-tai, kile kikamba chembamba, fundo lisilobana sana ili tawi likinenepa lisikatike. Kuweka ndoo katikati ya kukata na kufunga hakuongezi safari. Kunaongeza muda tu, na muda wa bamvua ni mfupi, kwa hiyo jaribio lolote linalomtaka mama asubiri saa nzima huku maji yanarudi litakataliwa hata kama linafanya kazi. Wataalamu wanaopanga majaribio wakiwa ofisini husahau hilo.

Hata hivyo, tuseme ndoo imefanya kazi na spinosamu imeongezeka. Hapo ndipo wengi wanaofurahia teknolojia hii wananyamaza. Spinosamu ndiyo karibu mwani wote unaolimwa Zanzibar leo, inalipwa shilingi mia kadhaa kwa kilo kavu, na wanunuzi ni wachache. Mkulima hapangi bei. Katika soko la namna hiyo, kuongeza uzito wa kila mtu kwa wakati mmoja ni kumpa mnunuzi sababu ya kushusha bei. Akina mama wanaokadiriwa kuwa karibu asilimia 80 ya wakulima zaidi ya 20,000 wa visiwani hawakosi uzito tu. Wanachokosa ni kotonii.

Kotonii hutoa karajenani, dutu ya kugandishia vyakula, ya aina ya kapa, inayoganda vizuri, na bei yake mara nyingi ni maradufu ya spinosamu. Ilistawi kilimo kilipoanza upande wa mashariki wa Unguja mwaka 1989, baada ya utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kufa. Maji ya kina kifupi yanapata joto sana wakati wa kaskazi, tawi linageuka jeupe, linalainika na kukatika. Dk. Flower Msuya, aliyekuwa mtafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, kwa miaka mingi amehimiza kuhamia maji ya kina zaidi kwa kutumia nyavu za mirija. Ushauri ni sahihi, lakini unataka boti na kujua kuogelea, na wanawake wengi waliolelewa kwenye utamaduni wa kuvuka mchangani kwa miguu hawakufundishwa kuogelea. Matokeo yake kila kaskazi kali inafuta kotonii, na msimu wa baridi ukirudi hakuna mbegu ya kuanzia. Mkulima analazimika kutafuta mbegu kijiji kingine, nako hakuna.

Hapo ndipo neno kuhifadhi linapata maana yake kamili. Homoni zinawezesha kuweka akiba ya kotonii ndani ya chupa, kwenye chumba chenye joto linalodhibitiwa na taa hafifu, wakati nje bahari inachemka. Kazi yenyewe ni ya uvumilivu. Ncha safi hukatwa, husuguliwa kwa brashi laini, huoshwa kwa maji ya bahari yaliyochujwa, hutibiwa ili kupunguza bakteria na vimelea, kisha hukatwa vipande vya milimita chache. Hupewa maji ya bahari yaliyorutubishwa, yenye oksini na saitokinini kwa uwiano uliopimwa, na baada ya wiki kadhaa pembeni mwa kipande hutokea vijipele vinavyogeuka matawi. Vikikua vinahamishwa kwenye chupa kubwa inayopulizwa hewa, halafu kwenye matangi, na mwisho kwenye kitalu baharini. Kipande kimoja kikizaa matawi kadhaa, na kila tawi likikatwa tena, idadi inapanda haraka kuliko kitalu cha kamba kinavyoweza.

Serikali ya Zanzibar ilishafanya jambo linalofanana na hili kwa viumbe wengine. Pale Beit el-Ras kuna kituo cha kuzalisha vifaranga vya samaki, majongoo ya baharini na kaa kwa ajili ya wafugaji. Sioni sababu ya jongoo kuwa na nyumba ya kuzaliwa na mwani, ambao unalisha kaya nyingi kuliko jongoo, uendelee kutegemea tawi lililobaki kwenye kamba ya jirani. Huko Pemba, kiwanda cha Chamanangwe kimejengwa kwa matumaini ya kusindika mwani hapa hapa. Kiwanda bila mbegu ya uhakika kitasindika nini miezi ya joto?

Lakini kuna mtego. Homoni zinanakili, haziboreshi. Mbegu inayozidishwa kwenye chupa ni ile ile iliyochoka, na mwani wetu wa biashara umekuwa ukikatwa na kupandwa upya kwa zaidi ya miaka 30 bila kuzaliana kwa kijinsia. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba mwani unaolimwa Tanzania ni uzao wa mbegu zilizoletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, huku aina za asili za Afrika Mashariki zikiendelea kuota zenyewe miambani. Maabara itakayoanzishwa ikachukua tu kotonii iliyobaki na kuizidisha maelfu kwa maelfu, itagawa udhaifu ule ule kwa ufanisi zaidi. Kazi ya kwanza iwe kukusanya matawi ya asili kutoka maeneo tofauti, kuyapima kwenye maji ya joto, na kuzidisha yaliyosimama. Wajapani walipata funzo kama hilo kwa njia yao: nori ilikuwa kilimo cha kubahatisha mpaka Kathleen Drew-Baker wa Uingereza alipoeleza mwaka 1949 sehemu iliyojificha ya maisha yake, inayokaa ndani ya magamba ya kombe. Elimu ya uzazi wa mwani ndiyo iliyokuza mavuno ya nori.

Kuhusu mwani wa mezani nitasema kwa ufupi, maana jambo lenyewe si kubwa kama linavyotangazwa. Saitokinini huchelewesha uzee wa jani. Hilo lilionyeshwa kwa kinetini mwaka 1957, na benziladenini, saitokinini ya kiwandani, hutumika kwenye maua ya vyombo. Ila homoni hufanya kazi kwenye seli iliyo hai tu. Mwani ukishakauka hakuna anayeamriwa. Inabaki nafasi finyu ya mwani mbichi unaopelekwa hotelini kwa kachumbari, ambao kama utakaa kwenye maji safi ya bahari, kivulini, bila kusongamana, utadumu vizuri bila kemikali yoyote. Na si kila kiumbe cha baharini kinataka friji: zabibu za bahari, ule mwani wa kijani wenye vishada unaopendwa Okinawa na Ufilipino, huharibika ukiwekwa kwenye baridi kali na hukaa vyema kwenye joto la kawaida la chumba.

Kwa sehemu kubwa ya mwani wetu uhifadhi ni kukausha, na bado unaanikwa mchangani. Mvua ya masika ikiupiga, chumvi inaoshwa, rangi inapauka na ubora unashuka. Vichanja vilivyoinuliwa na turubai la kufunika vingeokoa mwani mwingi kuliko homoni yoyote nitakayoweza kuitaja. Nashangaa jinsi ilivyo rahisi kupata fedha za mradi wenye neno bioteknolojia na ilivyo vigumu kupata mbao na misumari.

Halafu kuna usalama wa mlaji. Ulaya inazisimamia homoni za kukuzia mimea kwa sheria ile ile ya viuatilifu. China ilipiga marufuku benziladenini kwenye kuotesha machipukizi ya maharage mwaka 2015. Mwani wa Zanzibar sasa unauzwa mitandaoni kama sea moss kwa watu wa Marekani na Karibiani wanaoununua kwa sababu wanaamini ni wa asili mtupu, na wanausaga jeli na kuula kila asubuhi. Mabaki ya homoni ya kiwandani yakikutwa kwenye shehena moja, soko hilo dogo lenye bei nzuri litafungwa kwa wote, aliyetumia na asiyetumia. Mbegu iliyotoka maabara ni suala tofauti, kwa sababu ikishakaa wiki sita baharini na kuongezeka mara nyingi ya uzito wake wa mwanzo, karibu hakuna homoni inayobaki. Kuchovya kwa unga wa mwani wa kahawia nako ni salama zaidi kulielezea kwa mnunuzi. Kupuliza benziladenini kwenye mwani uliovunwa kwa ajili ya kuliwa, hapana. Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar afadhali uliseme hilo kabla hajatokea mfanyabiashara wa kulijaribu.

Kuna upande mwingine wa jambo hili unaoniudhi kidogo. India, kwenye taasisi ya utafiti wa chumvi na kemikali za bahari ya Bhavnagar, walibuni njia ya kukamua Kappaphycus ukiwa mbichi. Maji yanayotoka, yenye oksini, saitokinini na jiberelini, yanapulizwa kwenye mashamba ya nafaka kama busta. Makapi yanabaki kwa kutengeneza karajenani. Mwani mmoja, bidhaa mbili. Sisi tunaanika kilo saba au nane za mwani mbichi kupata kilo moja kavu, na maji yote yanakwenda na jua. Kisha mkulima wa Ilula ananunua chupa ya mwani wa Atlantiki. Kukamua kunahitaji mashine ndogo karibu na ufukwe, kunahitaji kuuza majimaji haraka kabla hayajachacha, na kunahitaji majaribio kwenye spinosamu, ambayo si ndugu kamili wa Kappaphycus. Ni kazi, lakini ni kazi ya aina ambayo chuo chetu kimoja na ushirika mmoja vinaweza kuianza bila kusubiri mtu wa nje.

Limebaki swali la nani amiliki chupa za mbegu. Kwa muda mrefu kampuni za ununuzi zimekuwa zikiwapa wakulima kamba na tai-tai kwa makubaliano kwamba mwani utauzwa kwao tu, kwa bei wanayoipanga wao. Mbegu ya kotonii iliyozalishwa kwa homoni ni ghali kuitengeneza, na kampuni zenye mtaji ndizo zitakazokuwa tayari kwanza. Zikiitoa kwa mkopo kwa sharti lile lile, kotonii itarudi Paje na bei ya juu itabaki kwa mnunuzi. Maabara ikiwa ya Taasisi ya Sayansi za Bahari au ya wizara ya uchumi wa buluu, na vitalu vya baharini vikawa vya vikundi vya wanawake wenyewe wanaouziana mbegu kwa uzito kama wafanyavyo sasa, mkulima atakuwa na cha kushikilia anapokaa mezani kujadili bei. Masharti hayo yaandikwe kabla ya chupa ya kwanza kufunguliwa, kwa sababu vikundi vikishachukua mbegu kwa mkopo itakuwa ni kujadili deni.